Hapa Hatubagui Mtoto

Juzi mwalimu mwenzangu hapa Iringa alitualika chakula nyumbani kwake, na kabla sijavua viatu mlangoni nikaisikia. Samli. Mkewe alikuwa anaiyeyusha jikoni kwa ajili ya pilau, na ile harufu yake nzito ikatoka mpaka barazani kutupokea. Wenzangu wakaanza kusifu kabla hata ya kukaa. Mimi nikahisi bega la kushoto linawaka, nikaaga kwa uongo wa kichwa kuuma, nikarudi zangu nyumbani kula mkate na chai ya rangi. Kesho yake wakanitania shuleni kwamba mtoto wa Kiislamu anayekimbia pilau ya samli apelekwe akachunguzwe. Nikacheka nao. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba mimi niliwahi kukaangwa kwa samli, nikiwa mzima, mchana kweupe, na mtu aliyekuwa ananipenda.

Ninyi wa rika langu mnaosoma haya, mliopelekwa likizo kwa mama wakubwa na mashangazi mkarudi mashavu yamejaa, mna kumbukumbu zenu tamu na sizigusi. Yangu nitaisimulia pamoja na hasira yake. Nikiiondoa hasira hapatabaki kitu cha kusimulia.

Nina ualbino. Nililelewa Uyole, Mbeya, na mama ambaye aliuza sweta za mitumba, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo sana sikukosa sweta. Mwezi wa sita kwetu baridi haina mzaha. Unakwenda shule umejifunga kofia ya sufu, soksi mpaka magotini, mikono imejificha ndani ya mikono ya sweta, na jua lenyewe linachungulia saa tano halafu linarudi zake. Mama alikuwa pia ananipeleka kliniki ya ngozi hospitalini, tunapewa losheni ya kukinga jua, chupa nyeupe isiyo na urembo wowote. Kila asubuhi alinipaka usoni, shingoni, nyuma ya masikio, hata pale kwenye mstari wa nywele. Mimi nilidhani ni mafuta tu, kama watoto wote wanavyopakwa mafuta. Na sweta nilidhani ni ya baridi.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa ya matatizo. Daktari akamwambia alazwe mpaka ajifungue. Baba yangu alikuwa dereva wa malori, yuko Zambia, hajulikani atarudi lini. Shule zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo nikapelekwa Ubaruku, kwa dada yake mama, ambaye mumewe alikuwa na mashamba ya mpunga. Mama alinipandisha basi asubuhi akiwa ameshika kiuno, akanikabidhi kwa kondakta tunayemfahamu, akaniambia mama mkubwa ananisubiri kituo cha Igawa na kwamba amekwisha kumpigia simu na kuongea naye kila kitu.

"Salma," akasema, "kwa watu siyo kwako. Ukipewa chakula kula, ukitumwa nenda. Usije ukanitia aibu kwa kulalamika."

"Sawa mama."

Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa mtoto mtiifu. Natamani ningekuwa mkorofi.

Igawa niliposhuka tu, mama mkubwa akanidaka katikati ya wauza vitunguu na wauza mahindi ya kuchoma, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba mara mbili mbili, kisha akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Jamani, sweta yote hii! Mdogo wangu anataka mtoto afie ndani ya sufu? Huku kwetu kuna joto, mwanangu. Vua."

Akanivua palepale barabarani, na kofia akaivua, akavikunja vizuri akavitia kwenye begi. Upepo ukanipiga kwenye mikono mitupu. Sikuwahi kutembea nje mikono mitupu. Nilijisikia mwepesi, nikaanza kurukaruka, na mama mkubwa akacheka kwa kuona mtoto amefurahi. Sweta ile sikuivaa tena mpaka siku ya kuondoka.

Kwake kulikuwa na Zuhura, aliyenizidi miaka miwili na kujua kila kitu, na kaka zake wawili. Jioni ile mama mkubwa alifungua begi langu kunipangia nguo, akaikuta ile chupa nyeupe.

"Kumbe umekuja na losheni ya mjini!"

Watoto wakasogea. Mama mkubwa akatukalisha sote kwenye mkeka, akaanza kumimina, kila mtoto kiganjani kiasi kilekile, kisizidi wala kisipungue. Mmoja wa wale kaka alisema, "Si ya Salma hiyo?" na mama yake akamgeukia.

"Salma ni nani hapa, mgeni? Huyu ni ndugu yenu. Akipakwa mmoja wanapakwa wote. Hapa hatubagui mtoto."

Nataka mlielewe neno hilo, maana ndilo lililonichoma. Mama mkubwa aliliamini kwa moyo wake wote. Nyumbani kwake nyama iligawanywa kwa macho ya mizani. Peremende ikiwa moja ilivunjwa kwa jiwe. Alikuwa amelelewa kwenye nyumba ya wake wawili, ambako watoto wa mama huyu walishiba na wa mama yule wakalamba sahani, na akaapa kwamba nyumba yake haitakuwa hivyo. Kwa hiyo losheni yangu iligawanywa kwa haki. Miguu ya Zuhura, ambayo jua halikuwa na ugomvi nayo wowote, iling'aa wiki nzima. Siku ya sita chupa ilikwisha, mama mkubwa akaikata shingo akaifanya kikombe cha kuchotea chumvi.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache na kila nilipoingia sebuleni alikuwa anapata kitu cha kuangalia dirishani. Jioni ya saba, tukiwa tunakula, alisema bila kunitazama, "Kesho watoto waende kulinda ndege. Huyu abaki nyumbani. Macho yake yenyewe hayaoni mbali, ndege atamwona saa ngapi? Halafu wapita njia waanze kuuliza maswali."

Mama mkubwa akaweka mwiko chini.

"Usinianzie, baba Zuhura. Mtoto wa mdogo wangu hatafichwa ndani ya nyumba yangu. Wenzake wakienda shamba na yeye anakwenda."

Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Nilikuwa nimezoea kufichwa kidogokidogo, kukalishwa nyuma kwenye picha, kuulizwa na watu kama naambukiza. Sasa kuna mtu mzima ananipigania mbele ya mumewe. Ni ukubwani ndipo nilipokaa nikawaza na damu ikanichemka. Yule mwanaume alikuwa ananionea aibu, na aibu yake ingeniokoa. Angeshinda yeye ule ubishi, ningeshinda ndani naosha vyombo na kuchambua mchele, ningelia kwa kubaguliwa, na bega langu lingekuwa zima mpaka leo.

Mpunga ukishatoa masuke na kuanza kuiva, ndege wadogo wanakuja kwa maelfu. Ukichelewa asubuhi moja, unakuta jaruba zima la mpunga limebaki mabua. Kwa hiyo watoto wa Ubaruku msimu ule wanaishi shambani. Katikati ya majaruba kuna kichanja cha miti kinachoitwa dungu, na kutoka hapo kamba zimefungwa makopo zinakwenda kila upande. Unavuta kamba, makopo yanalia, unapiga kelele, unarusha madonge ya udongo, ndege wananyanyuka wanakwenda kutua kwa jirani, na mtoto wa jirani anawarudisha. Dungu lilikuwa na kivuli cha nyasi, lakini kivuli cha mtu mmoja. Mama mkubwa aligawa zamu. Kila mtoto alikaa dunguni saa moja, kisha anashuka kwenye kona yake ya shamba, juani. Nami nikapewa saa moja yangu, sawasawa na wengine, na juani nikapewa sawasawa na wengine.

Mchana jua likiwa utosini ndege hupumzika, na hapo ndipo wenzangu walipokimbilia mfereji wa maji kuogelea. Nikavua na mimi. Jua la juu lilinipiga mgongoni na jua la majini likanipiga usoni, na kwa kuwa maji yalikuwa ya baridi sikujua chochote. Siku ile ilikuwa nzuri mno. Niliimba njia nzima kurudi nyumbani.

Jioni nikaanza kutetemeka. Mwili ulikuwa wa moto kwa nje na ndani nasikia baridi ya Uyole. Ngozi ya mabegani ilivuta, kana kwamba nimevalishwa nguo ya mtoto wa miaka mitatu. Zuhura alinibonyeza mkono kwa kidole, alama nyeupe ikabaki, kisha ikajaa wekundu, akaita kaka zake waje kuona. Kila mmoja akabonyeza. Mama mkubwa alipofika aliwafukuza kwa kandambili, akanipaka dawa ya meno mgongo mzima. Kwa dakika chache ilipoa. Ilipokauka ikaanza kupasuka, na kila ufa ukachana na ngozi.

Jirani yetu alikuwa mama wa familia ya wafugaji waliohamia bonde letu la Usangu kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Akaja kuangalia, akatikisa kichwa.

"Hapana dawa ya meno, mama Zuhura. Hii mtoto pakaza samli. Sisi moto ikituunguza ni samli tu, na inapona."

Samli haikuwa kitu cha kuchezea. Mama mkubwa aliinunua kopo zima, kwa ajili yangu peke yangu, na hilo ni jambo moja ambalo hakuligawa. Akanipaka jioni, ikatunza joto ndani ya ngozi kama sufuria lililofunikwa. Asubuhi akanipaka tena, nene, mabegani, shingoni, puani, mikononi.

"Nenda sasa," akasema, "jua likifika hapa litateleza."

Nikaamini. Nilisimama kwenye kona yangu ya shamba nikisubiri jua liteleze. Nililiona kabisa akilini likigusa bega langu, linakosa pa kushika, linaanguka kwenye mpunga. Mpaka saa nne nilikuwa nanukia kama maandazi. Nikinyoosha mkono nasikia ngozi inasinyaa. Nzi wakanijaa. Niliwaza kwamba labda jua la Ubaruku lina kucha.

Siku tatu hivyo. Malengelenge yakatoka mabegani, makubwa, yenye maji, na kamba ya begi la maji ya kunywa ikayapasua. Kisha ngozi ikaanza kubabuka. Zuhura, aliyependa kazi hiyo, alikaa nyuma yangu dunguni akivuta vipande virefu na kuvipanga kwenye ubao. Ndipo akasema, "Salma! Unaiva!"

"Nini?"

"Unaiva. Angalia mkono wako."

Nikasogeza mkono karibu na macho. Kwenye ile ngozi nyekundu kulikuwa na madoa ya kahawia, madogo, kama mtu amenirushia chai. Sikuwahi kuwa nayo. Zuhura akaweka mkono wake karibu na wangu. Rangi ya madoa ilikuwa rangi ya mkono wake.

"Mtoto akizaliwa anakuwa mweupe," akanieleza kwa uvumilivu wa mwalimu. "Hata mimi nilizaliwa mweupe, muulize mama. Halafu unakaa juani unaiva. Wewe umechelewa tu, kwa sababu ya baridi ya Mbeya. Huko mnavaa sana masweta."

Sijawahi kusikia maelezo yaliyonyooka hivyo tangu nizaliwe. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa chini akaniambia kwa nini niko hivi nilivyo. Mama alinipaka na kunivalisha, lakini hakusema. Kumbe jibu lilikuwa rahisi, nilikuwa sijaiva. Madoa yatazidi, yataungana, na siku mama atakapokuja kunichukua atamwona Zuhura wa pili.

Kuanzia siku hiyo zamu yangu ya dunguni niliitoa kwa wengine. Nilikaa juani kwa makusudi, mikono nimeinyoosha, uso nimeuinua na macho nimeyafumba yakitiririka machozi. Kila jioni niliyahesabu madoa. Nikiumia nilijiambia kwamba hata mpunga unaumia ukiiva. Mama mkubwa alimsifia mama jirani kwamba mtoto wa mdogo wake ni mvumilivu ajabu, hadeki hata kidogo.

Mama alipiga simu mara moja. Simu ilikuwa ya baba mkubwa, sote tukasimama kuizunguka. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Salma, hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo mama."

"Marahaba. Losheni haijaisha?"

Mama mkubwa alikuwa amesimama pembeni yangu anatabasamu, mkono wake kichwani pangu. Nikamwangalia. Mtoto aliyelelewa hasemi mabaya ya nyumba aliyofikia mbele ya mwenye nyumba. Na pia nilikuwa na siri yangu nzuri sikutaka kuiharibu.

"Bado ipo," nikasema.

Nikasikia akishusha pumzi. Akaniombea dua, akakata.

Siku mbili baadaye nilianguka shambani. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka baiskeli ya baba mkubwa, mimi nimekalishwa kwenye bomba mbele yake, na jinsi alivyokuwa ananyonga pedali, akiwa amenifunika shati lake mwenyewe. Mama mkubwa alikuja nyuma kwa miguu, nusu anakimbia.

Nesi wa zahanati alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kali. Alinifunua lile shati, akanusa, akawageukia.

"Nani amemkaanga mtoto huyu?"

Mama mkubwa akaanza kueleza habari za samli, na jua, na ndege. Nesi hakumwacha amalize.

"Samli ni ya kupikia! Hii ngozi haina kinga. Yenu ina rangi inayolizuia jua, hii haina. Mnampeleka shamba mikono wazi, halafu mnampaka mafuta? Mngemweka tu jikoni mkajua moja."

Nilikuwa nimelala kifudifudi, nikatumia nguvu zangu zote kuinua kichwa. "Lakini naiva," nikamwambia. "Angalia mkono."

Aliangalia mkono. Sauti yake ikashuka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Siyo kuiva, mama. Hayo madoa ni jua limeharibu ngozi. Wewe utabaki hivi hivi, na ni vizuri tu. Lakini jua usikae nalo tena."

Nililia kuliko nilivyolia kwa malengelenge. Nilimchukia yule nesi, aliyekuwa mtu wa kwanza kuniambia ukweli. Alinimwagia maji ya kawaida kidogokidogo, dakika nyingi, mpaka ile samli ikatoka na moto ukaanza kunitoka mwilini. Huku akimwaga alimwagiza mama mkubwa kama anayemfokea mtoto. Kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya baridi, siyo barafu. Kikipata joto badilisha. Usipake mafuta, usipake dawa ya meno, usipake unga, yai wala kitu chochote kilichotoka jikoni. Malengelenge usiyatumbue. Ngozi inayobabuka msiivute, iache itoke yenyewe. Anywe maji sana. Vidonge vya maumivu hivi hapa. Akipona, nguo ya mikono mirefu na kofia, na kivulini.

"Nguo ya mikono mirefu," mama mkubwa akarudia polepole, na nikaona anakumbuka Igawa.

Alitekeleza kila neno. Alichana kanga yake ya zamani, ile laini kuliko zote, akaichovya kwenye maji ya mtungi, akanifunika mgongo, na kila ilipopata joto akaigeuza. Alitundika mkeka dirishani. Alinipikia uji mwepesi akaninywesha kwa kijiko kwa sababu midomo ilikuwa imepasuka. Alinipepea kwa mfuniko wa sufuria, huku machozi yanamtoka kimyakimya, siku tatu nzima. Ndege wakaula mpunga wa kona nzima, na baba mkubwa hakulalamika. Siku ya nne niliweza kukaa. Zile ndizo siku ambazo nimewahi kuuguzwa vizuri kuliko zote maishani, na hilo nalo linanikasirisha, kwamba mikono ileile ilijua kunipoza namna ile.

Mama alikuja wiki mbili baadaye na mdogo wangu mgongoni. Nilikuwa nimelisubiri hilo. Nilikaa kwenye mkeka na mabega yangu ya madoadoa, nikijua kwamba sasa kutakuwa na ugomvi, mama yangu atapasua nyumba. Aliniangalia muda mrefu. Akanifunua shingo, akaangalia, akafunika. Kisha akamgeukia dada yake, akamshika mikono yote miwili.

"Ahsante dada," akasema. "Ahsanteni kwa kunitunzia mtoto."

Mama mkubwa akaanza kulia na kuomba radhi, kwamba hakujua, kwamba yeye ni mjinga. Mama akambembeleza. Tukaondoka na nusu gunia la mchele mpya. Njia nzima mama hakunisemesha, na mimi sikumsemesha.

Hasira yangu ikapata mtu, naye ni mama mkubwa. Nilikua nayo. Kila Idi alituma salamu, nikazirudisha kwa midomo tu. Nikiwa chuo alinitumia mchele, nikaugawa bwenini bila kuuonja. Mwaka nilipoanza kazi, doa moja la bega la kushoto likawa kidonda kisichofunga. Nikaenda hospitali, wakakata kipande, wakapima, wakaniita wakanikalisha kwenye kiti. Saratani ya ngozi, changa, tumeiwahi. Wakakata tena kwa upana. Daktari akaniuliza kama niliwahi kuungua vibaya utotoni. Nikamwambia ndiyo, kwa watu wasiobagua. Hakuelewa na sikumfafanulia.

Mama mkubwa alifariki mwaka juzi. Ndugu walitoka Mbeya, Iringa, hata Tanga. Mimi sikwenda. Nilisema nina mitihani ya kusimamia, na sikuwa na mitihani yoyote. Nilikaa nyumbani siku ile nimefunga mapazia, nikajiambia kwamba haki yake ameipata.

Baada ya arobaini mama alikuja kunitembelea hapa Iringa. Tulikuwa tunachambua mchicha. Alisema bila kuinua kichwa, "Dada alikuulizia mpaka mwisho. Alikuwa ananiuliza kila mara, huyu mtoto amewahi kunisamehe?"

"Nimsamehe vipi," nikasema. "Wewe ulimpigia simu ukamweleza kila kitu. Ukamweleza losheni ni ya nini, ukamweleza nisivuliwe nguo. Yeye akaona anajua kuliko kliniki."

Mama akaendelea kuchambua. Alichambua majani manne au matano.

"Sikumweleza," akasema.

Nikauweka mchicha chini.

"Nilimwambia unakuja, basi. Nilikuwa nalazwa siku ileile, Salma. Nilikuwa nimekwisha kumwomba wifi yangu, nikamweleza yote, asikae juani, asivuliwe, apakwe kila saa, akaniambia mtoto wa hivyo hamwezi. Nikamwomba rafiki yangu, akaniambia vilevile. Dada nikaogopa kumweleza. Nikasema akishakupokea atakupenda, na akishakupenda hatakurudisha."

"Na baadaye? Analia pale mbele yako anajiita mjinga?"

"Baadaye nikaona aibu."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Nilisimama. Nilikwenda mpaka dirishani, nikarudi. Nilitaka kupiga kelele, lakini ambaye ningemwomba radhi alikuwa ameshazikwa, na aliyebaki alikuwa mwanamke mfupi mwenye kisukari, ameshika jani la mchicha, ambaye aliwahi kunipaka nyuma ya masikio kila asubuhi na hakukosa hata siku moja.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema.

"Na mimi nikifa," akauliza, "utakuja?"

Nikakaa, nikavuta fungu la mchicha, nikaendelea kuchambua. Mpaka leo hajaniuliza tena.